Mteuzi Naye ni Mtunzi? Uhakiki wa Mkusanyo wa Nyimbo za Mwaka

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wamezoea kuuliza maswali mawili wanapokabiliwa na wimbo: ni nani aliyeutunga, na umetungwaje. Swali la tatu, yaani ni nani aliyeuchagua, akauweka kando ya nyimbo nyingine na kumpa mwenziwe ausikilize, halijapewa nafasi inayostahili. Hata hivyo, nyimbo nyingi humfikia msikilizaji kwa njia hiyo ya tatu. Hazipokei kutoka mkononi mwa malenga wala kinywani mwa mwimbaji. Huzipokea kwa rafiki, ndugu au jirani aliyezisikia kabla yake, akaona zinafaa, akamletea. Makala haya yanakusudia kuichunguza kazi ya mtu huyo wa kati, ambaye hapa ataitwa mteuzi, na hasa aina moja ya kazi yake: mkusanyo wa nyimbo alizozipenda katika mwaka mmoja, anaoutengeneza mwaka unapokwisha na kuwagawia marafiki zake.

Desturi yenyewe haina umri mkubwa. Ilipata nguvu Ulaya na Marekani baada ya kuja kwa kanda za kaseti, ambazo kampuni ya Philips ilizionyesha kwa mara ya kwanza mjini Berlin mwaka 1963. Kabla ya hapo aliyemiliki santuri aliweza kuiazima au kuipiga mbele ya wageni, lakini hakuweza kwa urahisi kutoa wimbo mmoja katika santuri hii na mwingine katika santuri ile akavifanya kitu kimoja. Kanda iliyo tupu ndiyo iliyompa msikilizaji wa kawaida uwezo ambao hapo awali ulikuwa wa makampuni na wa watangazaji wa redio peke yao. Mwishoni mwa miaka ya 1990, kompyuta za nyumbani zilipoanza kuandika sahani za sidii, kazi iliyochukua jioni nzima ikawa ya dakika chache. Hivi leo mkusanyo ni orodha tu, isiyoshikika kwa mkono, inayotumwa kwa simu.

Dai la makala haya ni kwamba mkusanyo wa namna hii ni uhakiki. Una hukumu ndani yake, una fani yake, na una hadhira yake. Lakini ni uhakiki wenye kasoro moja kubwa, nayo ni kuwa mara nyingi huyameza majina ya wale ambao jasho lao ndilo lililoujaza. Kasoro hiyo si ndogo, na katika pwani ya Afrika Mashariki imekwisha kuleta hasara isiyolipika.

Ukoo wa kazi ya uteuzi

Atakayesema kwamba kuchagua nyimbo ni mchezo wa vijana usiostahili kuandikwa katika jarida la wasomi, na akumbuke kwamba moja ya vitabu vikuu katika fasihi ya Kiarabu kilianza kwa jambo hilo hilo. Abu al-Faraj al-Isfahani, aliyeishi katika karne ya 10, alikijenga Kitab al-Aghani, yaani Kitabu cha Nyimbo, juu ya nyimbo mia moja ambazo waimbaji wa baraza la Harun al-Rashid waliagizwa wazichague kuwa bora, na katika hizo mia zikateuliwa tatu zilizohesabiwa kuwa bora kuliko zote. Al-Isfahani hakuridhika kuzipanga. Kwa kila wimbo alitaka kueleza nani aliyetunga maneno, nani aliyetia sauti, na kisa gani kilichouzaa. Kwa njia hiyo orodha ya nyimbo zilizompendeza mfalme ikawa hazina ya habari za watunzi na waimbaji wa karne kadhaa. Yaliyobaki hayakubaki kwa sababu ya mfalme, bali kwa sababu mwandishi hakukubali wimbo upite bila mwenyewe.

Karibu zaidi na nyumbani yupo Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1890. Muyaka bin Haji alikuwa amefariki yapata nusu karne kabla yake, na mashairi yake yalikuwa yakielea midomoni mwa watu. Mwalimu Sikujua aliyakusanya, akasaidiana na W. E. Taylor katika kuyaandika na kuyaeleza. Kutokana na kazi hiyo ndipo William Hichens alipotoa Diwani ya Muyaka mwaka 1940, na Mohamed Abdulaziz naye akautoa uchunguzi wake juu ya Muyaka mwaka 1979. Kila mwanafunzi anayemsoma Muyaka leo anamsoma kupitia masikio ya Mwalimu Sikujua. Jina la mtunzi linajulikana na watoto wa shule. Jina la mteuzi linajulikana na wachache. Kama lisingekuwako sikio lile, lisingekuwako jina hili.

Mfano wa tatu watoka Marekani. Mwaka 1952 Harry Smith, kwa kutumia santuri kuukuu alizozikusanya mwenyewe, alitengeneza mkusanyo wa nyimbo 84 zilizorekodiwa kati ya miaka ya 1926 na 1933, ukatolewa na kampuni ya Folkways katika santuri sita. Aliugawa katika mafungu matatu: nyimbo za masimulizi, nyimbo za mikusanyiko ya watu, yaani ngoma na ibada, na nyimbo za kawaida. Zile za masimulizi alizipanga, kwa kadiri alivyoweza, kwa kufuata wakati wa visa vyenyewe. Hakuonyesha katika maelezo yake ni mwimbaji gani mweusi na ni yupi mweupe, katika nchi ambayo makampuni ya santuri yalikuwa yamewatenga hata katika orodha za mauzo. Huo ulikuwa uamuzi wa kihakiki, na pia wa kisiasa, nao ulifanywa bila hoja kuandikwa. Kuziweka sauti mbili bega kwa bega kulitosha.

Matokeo yake yanafahamika. Mmoja wa waimbaji waliomo katika mkusanyo huo ni Mississippi John Hurt, aliyerekodi mwaka 1928 kisha akarudi shambani na kusahauliwa. Vijana waliomsikia katika mkusanyo wa Smith walilishika jina lake. Mwaka 1963 wimbo wake mwingine, uliotaja kijiji cha Avalon, ukawafikisha mlangoni pake, naye alikuwa hai. Aliimba mbele ya umati katika tamasha la Newport mwaka huo huo, na alipofariki mwaka 1966 alikuwa amekwisha kurekodi upya. Mteuzi hakumtunga John Hurt. Lakini mteuzi aliyeandika jina aliacha nyuma yake njia ya kumfuata mwenye jina. Jambo hili litarejelewa.

Fani ya mkusanyo

Yafaa sasa kuuchunguza mkusanyo wa mwaka kama kazi yenye umbo. Pingamizi la kwanza linalotolewa ni kwamba mteuzi hakuunda chochote: maneno si yake, sauti si yake, ala si zake. Pingamizi hilo lingekuwa na nguvu kama maana ya wimbo ingekuwa imefungwa ndani ya wimbo wenyewe kama kokwa ndani ya embe. Lakini sivyo. Ubeti hubadilika maana kwa kuwekwa baada ya ubeti mwingine. Shairi la majibizano halisomeki sawasawa likitengwa na lile linalolijibu. Wimbo wa mapenzi ukifuatwa na wimbo wa maziko huwa si wimbo wa mapenzi tu tena. Anayeupanga mfuatano huo ameongeza kitu ambacho hakikuwamo katika wimbo wa kwanza wala wa pili.

Katika enzi ya kaseti umbo hilo lilikuwa na sheria zilizoamriwa na chombo chenyewe, kama vile mizani na vina vinavyomwamuru mshairi. Kanda iliyopendwa zaidi ilikuwa ya dakika 90, yaani dakika 45 kila upande. Mteuzi alilazimika kuwa na mianzo miwili na miisho miwili. Wimbo wa mwisho wa upande wa kwanza ulipaswa kumfanya msikilizaji ainuke na kuigeuza kanda, si kuiacha. Tena nyimbo zilipaswa kuenea: ikiwa zimebaki dakika tatu na wimbo una dakika nne, kanda itaukata katikati ya neno, na aibu itakuwa ya mteuzi. Sidii ikaja na sheria nyingine, dakika zisizozidi 80, upande mmoja, mwanzo mmoja na mwisho mmoja. Orodha ya simu haina mpaka wowote. Wapo wanaouhesabu huo kuwa uhuru, lakini wasomi walioyashuhudia mabishano ya miaka ya 1970 baina ya washairi wa mapokeo na wale wa mashairi huru wanajua kuwa jambo hili halina jibu jepesi. Aliyeondolewa mipaka anahitaji nidhamu nyingi zaidi, si chache. Na orodha nyingi za leo, zenye nyimbo mia mbili zisizochujwa, zinafanana na mtu aliyeombwa shairi akaleta kamusi.

Mwaka nao ni mpaka, tena ndio mpaka unaoupa mkusanyo huu sura yake. Hapa wateuzi wamegawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza linachukua nyimbo zilizotolewa mwaka huo tu. Kundi la pili linachukua nyimbo ambazo mteuzi alizisikia mwaka huo, hata kama zina umri wa miaka mia. Tofauti hii yaonekana ndogo, lakini ina maana kubwa. Mwaka wa kundi la kwanza ni mwaka wa soko. Mwaka wa kundi la pili ni mwaka wa maisha. Kwa mteuzi wa kundi la pili, sauti ya Siti binti Saad, iliyorekodiwa Bombay kuanzia mwaka 1928, inaweza kuwa sauti mpya ya mwaka huu ikiwa mwaka huu ndio iliyomfikia. Makala haya yanaegemea kundi la pili. Kazi ya mhakiki si kutangaza bidhaa zilizoshushwa bandarini jana. Ni kueleza nini kimemgusa binadamu na kwa nini.

Hata hivyo kuna mtego katika uhuru huo. Mteuzi akianza kuchagua ili aonekane mjuzi, atakwenda kutafuta nyimbo ambazo hakuna azijuaye, si kwa sababu ni nzuri bali kwa sababu ni adimu. Mchagua nazi, walisema wahenga, hupata koroma. Mkusanyo uliojaa vitu adimu visivyo na ladha ni sawa na shairi lililojaa maneno ya kale ambayo hata mtunzi anayatafuta kamusini. Ishara ya mteuzi mzuri ni kuwa na ujasiri wa kuuweka wimbo unaojulikana na kila mtu, mahali ambapo kila mtu atausikia upya.

Kusema kwa kinywa cha mwingine

Kilichosemwa hadi hapa chahusu uteuzi na upangaji. Kinachobaki ni upokezi, na hapo ndipo msomi wa Kiswahili ana mchango ambao wenzake wa ng'ambo hawana, kwa kuwa jamii ya Waswahili imekuwa na maarifa ya kusema kwa kutumia maneno ya mwingine tangu zamani.

Katika taarabu, jijini Mombasa na Unguja, msikilizaji huinuka kwenda kumtunza mwimbaji pale maneno yanapogusa jambo lake. Hakuyatunga maneno hayo. Pengine hata hamjui aliyeyatunga. Lakini kwa kuinuka wakati ule na si wakati mwingine, huku amemwelekea mtu fulani au amempa mgongo, ameyafanya kuwa yake, na ukumbi mzima umeelewa. Kanga nayo hufanya kazi hiyo: jina lake limeandikwa kiwandani, lakini likivaliwa siku fulani mbele ya mlango fulani huwa limeandikwa upya. Mwenye kanga akiulizwa, ana haki ya kujibu kwamba amevaa nguo tu.

Redio iliipanua maarifa hii. Kwa miaka mingi wasikilizaji wa Sauti ya Kenya, na baada ya mwaka 1989 wa KBC, walituma kadi za salamu zenye majina ya jamaa na marafiki, wakaomba zisomwe na wimbo upigwe. Wasomi wengi wamevipuuza vipindi vya salamu kuwa ni porojo. Lakini yatazamwe kwa makini: mtu mmoja anachagua, anawataja wapokeaji kwa majina, anayafunga majina hayo kwa wimbo, na vyama vya watuma salamu vikaundwa kwa ajili ya kazi hiyo. Urafiki ulipewa umbo kwa wimbo wa mtu mwingine. Mkusanyo wa mwaka ni kipindi cha salamu cha mtangazaji mmoja na wasikilizaji kumi.

Kwa sababu hiyo ni makosa kuuhukumu mkusanyo kana kwamba umetungiwa umma. Mwaka 1986 gazeti la muziki la Uingereza, New Musical Express, liliwauzia wasomaji wake kanda yenye nyimbo 22 za bendi changa, ikaitwa C86. Kanda hiyo iliuathiri umma kiasi kwamba jina lake likageuka kuwa jina la mtindo mzima wa muziki, na baadhi ya waliokuwamo wakalalamika kwamba wamefungiwa katika chumba wasichokijenga. Huo ndio uteuzi wa hadharani, na madhara yake ni ya hadharani. Mkusanyo wa rafiki una mamlaka ya namna nyingine. Mteuzi anajua kwamba fulani alifiwa mwezi wa Machi, fulani amehamia Dubai na anaona kiu ya nyumbani, fulani hapendi zumari. Kila wimbo una jina lisiloandikwa juu yake. Fumbo hilo ndilo utamu wa kazi, na ndilo linaloufanya mkusanyo uwe mgumu kuhakikiwa na mtu wa nje.

Lakini kama utamu ni fumbo, je, hukumu iko wapi? Hapa ndipo pingamizi la pili linapoingia, nalo ni zito kuliko la kwanza. Mhakiki, husemwa, ni lazima atoe sababu, ili mwingine aweze kuzipinga. Mteuzi hatoi sababu. Anasema tu, sikiliza. Ni lazima kukiri kwamba pingamizi hili ni la haki kwa sehemu. Mfuatano wa nyimbo unaweza kuonyesha sababu, kama ulivyofanya mfuatano wa Harry Smith, lakini hauwezi kuzitetea. Ndiyo maana Smith mwenyewe aliambatanisha kijitabu, akaupa kila wimbo nambari, jina la mwimbaji, tarehe, na muhtasari wa kisa. Mkusanyo usio na karatasi ni hukumu isiyo na rufani.

Suala la majina

Karatasi hiyo ndiyo kiini cha makala haya. Utenzi wa Kiswahili, kwa desturi yake, hauishi ghafla. Katika tamati mtunzi hutaja jina lake, mara nyingi na idadi ya beti na tarehe ya kumaliza. Wazee walijua kwamba kazi isiyotiwa jina ni kama mtoto aliyepotea sokoni: atakayemwona kwanza atasema ni wake. Muhammad Kijumwa wa Lamu, aliyenakili miswada mingi kwa ajili ya wasomi wa Ulaya na ambaye mwenyewe alikuwa mshairi na mpiga ala, aliifanya kazi ya kunakili kuwa kazi ya heshima. Kwa mkono wake tungo nyingi zimeweza kuwafikia wasomi wa leo.

Kanda ya kaseti haikuwa na tamati. Ilikuwa na kikaratasi chembamba ambacho aghalabu kiliachwa kitupu, au kikaandikwa neno moja tu kwa kalamu ya wino. Tangu miaka ya 1970 taarabu ya Mombasa iliishi katika kanda. Sherehe za harusi zilirekodiwa, na maduka kama Mbwana Radio Service yakanakili na kuuza. Kanda moja ilizaa kumi, na kumi zikasafiri hadi Lamu, Unguja, Muscat na Dubai, kila mteuzi akichomoa nyimbo alizozipenda na kuwatengenezea wenziwe kanda nyingine. Bila shaka mtandao huo wa marafiki uliusambaza muziki kuliko santuri zilivyowahi kufanya. Lakini katika kila nakala jina moja lilidondoka. Kwanza likadondoka jina la mpiga ala, kisha la mtunzi, na mwisho mara nyingine hata la mwimbaji.

Aliyepata hasara kubwa ni malenga. Katika taarabu ya Mombasa aliyeimba mara nyingi si yeye aliyetunga. Ahmad Nassir, mwenye Malenga wa Mvita, alimtungia Juma Bhalo nyimbo. Ahmed Sheikh Nabhany alimtungia Zein l'Abdin. Watu hawa wana majina kwa sababu walichapisha vitabu au walijulikana na wasomi. Ni malenga wangapi ambao hawakuchapisha, na ambao beti zao zinaimbwa hadi leo katika kumbi za harusi zikihesabiwa kuwa za mwimbaji, au zisihesabiwe kuwa za mtu yeyote? Juma Bhalo alifariki mwaka 2014 na Zein l'Abdin mwaka 2016. Kila mmoja wao alipoondoka, alikwenda na majibu ya maswali ambayo kikaratasi cha kaseti kingeweza kuyahifadhi kwa mistari miwili.

Yasidhaniwe kuwa jambo hili ni la heshima tu. Wimbo wa "Malaika" umezunguka dunia nzima kwa sauti za waimbaji wengi. Fadhili William alijulikana kuwa ndiye mwenyewe, na wengine wakamtaja Adam Salim, na ubishi huo haujaisha. Palipo na wimbo maarufu usio na karatasi ya kuaminika, pana familia mbili zinazolalamika. Makampuni ya santuri ya Uingereza yalipofanya kampeni mapema katika miaka ya 1980 dhidi ya kurekodi nyumbani, yakidai kwamba kanda za marafiki zinaua muziki, yalikuwa yakitetea faida yao, na wengi waliyadhihaki. Dhihaka hiyo ni rahisi mahali ambapo mwanamuziki ana mkataba na kampuni, na jina lake limepigwa chapa kwenye santuri inayouzwa dukani. Katika pwani yetu, mahali ambapo kanda ndiyo iliyokuwa santuri, kitabu na mkataba kwa pamoja, kanda isiyo na jina ilimnyima mtunzi vyote vitatu.

Wala mikusanyo iliyotolewa na makampuni haikusalimika na maswali. Mwaka 1983 John Storm Roberts, aliyewahi kufanya kazi ya uandishi wa habari nchini Kenya, alitoa Marekani mkusanyo wa muziki wa pwani ya Kenya ulioitwa Songs the Swahili Sing. Ulifanya kazi njema ya kuitambulisha taarabu ya Mombasa kwa watu ambao wasingeisikia kamwe. Lakini jina lake ladai kuwa hizi ndizo nyimbo waimbazo Waswahili, ilhali ni nyimbo zilizopendwa na mtu mmoja mwenye sikio zuri. Mkusanyo wa rafiki hauna kiburi hicho. Unasema: hizi ni nyimbo nilizozipenda mimi, mwaka huu. Kwa upande wa ukweli, kichwa hicho cha unyenyekevu ni bora zaidi. Kwa upande wa karatasi, kampuni imemshinda rafiki, kwani iliandika majina.

Hesabu na hukumu

Yapo mawazo kwamba suala hili limekwisha kujitatua. Hivi leo mashine inahifadhi majina, na kampuni ya Spotify, iliyoingia Kenya mwaka 2021, tangu mwaka 2016 humpa kila msikilizaji mwishoni mwa mwaka orodha ya nyimbo alizozisikiliza zaidi, ikiitwa Wrapped. Watu huzionyeshana orodha hizo kama walivyokuwa wakipeana kanda. Je, kazi ya mteuzi imechukuliwa na mashine?

Jibu ni kwamba mashine imehesabu, haikuhukumu. Wimbo uliopigwa mara mia mbili unaweza kuwa ule uliotumika kumbembelezea mtoto, na wimbo uliobadilisha mwaka wa mtu unaweza kuwa ule aliousikia mara moja ndani ya matatu, akashindwa kuurudia kwa sababu ya uchungu. Kuchagua ni kukataa, na mashine inayohesabu haikatai kitu. Tena orodha ya mashine haina mpokeaji. Ni kioo ambacho msikilizaji anajitazamia. Mkusanyo wa mwaka ni barua.

Kuhusu majina, ni kweli kwamba huduma hizo huonyesha jina la mwimbaji. Jina la mtunzi wa maneno limefichika au halipo, na hasa kwa nyimbo za zamani zilizopandishwa kutoka katika kaseti na watu wasiojulikana. Kosa la kikaratasi kitupu limehamia katika chombo kipya, nalo litazidi kuenea kwa kasi ya chombo hicho.

Hitimisho

Swali lililowekwa kichwani mwa makala haya laweza sasa kujibiwa. Mteuzi si mtunzi wa nyimbo, bali ni mtunzi wa mfuatano, na mfuatano una maana. Ni mhakiki pia, kwa kuwa amepima, amekataa, na amemkabidhi mwingine alichokiona chema. Mwalimu Sikujua alikuwa mteuzi wa namna hiyo, na hakuna anayethubutu kusema kwamba kazi yake ilikuwa mchezo.

Lakini uhakiki huu unakamilika kwa karatasi. Mteuzi atakayetuma nyimbo ishirini mwishoni mwa mwaka huu hapungukiwi na kitu akiandika mstari mmoja kwa kila wimbo: nani aliyetunga, nani aliyeimba, mwaka gani, na kwa nini umo. Idara za lugha nazo zina wajibu. Katika nyumba za Mji wa Kale, na bila shaka katika nyumba za Muscat na Dubai, yamo masanduku ya kanda za marafiki ambazo utepe wake unaharibika kwa joto na unyevu. Wanafunzi wanaotumwa kila mwaka kukusanya fasihi simulizi vijijini wangeweza kutumwa pia kwenye masanduku hayo, si kuzisikiliza nyimbo tu, bali kumwuliza mwenye sanduku, maadamu yu hai, ni nani aliyempa kanda hii, wimbo huu ni wa nani, na kwa nini uliwekwa baada ya ule.

Wenye majibu wanazidi kupungua. Kanda ikifa, huenda wimbo ukapatikana mahali pengine. Mwenye kanda akifa, sababu ya wimbo kuwa pale haipatikani popote, na jina la malenga aliyeutunga huenda likazikwa pamoja naye.